Kadenasi Kwenye Maji ya Jua

Nabintu, rafiki yangu,

Watu bado wanakusifu. Tukitoka kanisani hakukosi mtu wa kunishika mkono na kuniambia kwamba mtaa wetu wa Kasha hautapata tena mwanamke mwenye moyo kama wako. Mimi natikisa kichwa, naendelea kutembea. Moyoni nasema: nyamazeni.

Ninakuandikia kwa sababu sina mwingine wa kumwambia kwamba nimekukasirikia. Nilianza kukukasirikia siku tuliyokuzika na hasira haijapoa. Ungekuwa hai nisingethubutu. Ungecheka, ungenivutia kiti, ungeendelea kumenya viazi kana kwamba nimezungumzia mvua.

Nikupe kwanza habari za nyumbani. Mumeo Deo yupo, amekonda, lakini anakula ukimsukumia sahani. Darasa lako amepewa kijana mmoja. Watoto wanasema hapigi, lakini pia hachekeshi. Ile pulova yako ya kijani, uliyofundishia hata mwezi wa saba wenzako wakitoka jasho, mwanao Ansima anailalia. Nilitaka kuifua akalia, nikaacha. Meno yake ya mbele yametoka na mengine yanaota yakiwa makubwa kama yako. Na ile mashini ya maji bado iko juu ya mabati. Hiyo ndiyo iliyonifanya nikae chini niandike.

Unakumbuka ilivyokuja. Ofisi ambayo Deo alikuwa dereva wake ilifunga nyumba ya wageni, wafanyakazi wakaambiwa kila mtu achague kitu kimoja abebe. Mmoja alibeba frigo, mwingine televisheni, mlinzi akaondoka na viti. Deo alipanda juu ya paa, akateremsha kioo kile kikubwa cheusi pamoja na tangi lake. Wabebaji walipokuwa wanaipandisha kilimani, Kasha yote ilitoka kucheka. Mzee wa nyumba ya kona alisimama mlangoni akauliza, "Papa Ansima, benzako banabeba frigo, weye unabeba pipa?"

Deo aliendelea kupanda. Alikuwa anakufikiria wewe. Ulizaliwa na ugonjwa ule wa damu ambao kwetu tunauita SS tu, na aliyewahi kuishi na mtu wa SS anajua kwamba adui yake ni baridi. Alfajiri ya huku juu, ukungu wa ziwa ukiwa bado umelala milangoni, maji ya bombani yanauma hata mtu mzima wa afya. Kwako yalikuwa yanaweza kuamsha maumivu ya mifupa ya kukulaza kitandani wiki nzima. Na Ansima alirithi hayo hayo. Kabla ya mashini mlipasha maji kwenye babula, jiko la makaa, na siku makala yakilowa mlijipangusa kwa kitambaa tu mkavaa nguo.

Fundi aliyetoka Nyawera kuifunga alitueleza tukiwa uani, mimi nimeshika ngazi. Maji yanaingia baridi chini ya kioo, jua linayapasha, yanapanda yenyewe mpaka kwenye tangi. Haihitaji umeme wala makala. Lakini alituonya. Kila ndoo inayotoka, maji ya baridi yanaingia mahali pake. Mchana si neno, jua litayapasha. Jioni hakuna wa kuyapasha, yanakaa humo humo na kuyapoza yaliyobaki. Alikuinamia akasema, "Maman, ukichota magaribi, unakula ya asubui." Ukayarudia maneno yake polepole, kama mmoja wa wanafunzi wako.

Zile siku za mwanzo! Asubuhi nilikuwa nakuona ukitoka bafuni umejifunga kikwembe, mvuke unatoka mabegani. Siku moja uliniita dirishani ili kuniambia tu, "Furaha, leo nimeoga kama mutu." Na Jumamosi, ukungu ukishaondoka na jua likiwa limeshika kioo, ulikuwa unaweka kiganja kwenye bomba linaloshuka ukutani, unasubiri, halafu unasema, "Imeamuka." Ansima naye anakimbia kuweka kiganja chake, anafumba macho kama daktari, "Imeamuka." Mwaka ule hukulazwa hata mara moja. Wewe mwenyewe ulisema hukumbuki mwaka mwingine kama huo tangu utoto.

Halafu watu wakajua.

Wa kwanza alikuja kwa haki. Alikuwa Maman Zawadi, jirani wa ng'ambo ya mfereji; binti yake alikuwa amejifungua, na mzazi lazima aogeshwe maji ya moto. Ulimjazia beseni. Kesho yake alikuja na beseni na ndoo. Kisha wakaja waimbaji wa kwaya kabla ya mazoezi ya jioni, kwa kuwa walikuwa wametoka kazini na vumbi. Kisha shemeji yako anayeumwa mgongo. Kisha wenye watoto wenye mafua, na mwishowe hata wasio na sababu yoyote. Mtu alikuwa anapita na taulo begani kama anakwenda ziwani.

Nimewaza sana kwa nini ilikuwa hivyo, maana watu wa mtaa wetu si wabaya. Miaka yote uliyopasha maji kwa makala, hakuna hata mmoja aliyekuja kuomba. Makala yanaonekana yakipungua. Mtu akiona gunia limelala chini, anaona haya. Jua halina gunia. Linachomoza tena kesho, halimkatai yeyote, kwa hiyo maji yake nayo yakaonekana hayana mwenyewe. Nilipojaribu kusema neno waliniambia, "Jua iko ya Mungu. Utakatalia batu jua?" Na kweli mtu atajibu nini hapo? Walisema kwa uso mweupe kabisa. Hakuna aliyejiona anachukua kitu cha mtu.

Mimi nilikuwa nakaa kwenye jiwe la kufulia, karibu na robine ya bomba wanapochotea, nachambua maharagwe ambayo yalikuwa yameshachambuliwa. Walinipa jina, mulinzi wa robine. Waliniuliza kama nimeajiriwa na jua. Ningevumilia hayo yote. Lakini wewe ulitoka ndani, ukaniambia mbele yao, kwa ule upole wako, "Furaha, acha bachote. Mimi nitapasha kidogo."

Nitapasha kidogo. Ulikuwa unalisema kila jioni. Na kila asubuhi nilikuwa naangalia kwako kama kuna moshi wa babula, na moshi haukuwepo.

Sasa nikuambie ile jioni, kwa sababu hakuna mtu anayeizungumzia. Wote wanazungumzia hospitali. Wanaruka jioni.

Ndugu za Deo walikuwa wametoka Walungu kwa ajili ya harusi, wakalala kwako. Walikuwa wamechoka, njia ilikuwa matope matupu. Walioga wakubwa, wakaogeshwa watoto, kisha kijana mmoja akasimama chini ya robine ile ile akaosha viatu vyake vya harusi kwa maji ya moto, taratibu, anageuza na soli. Nilimwangalia kutoka dirishani kwangu. Nilikuangalia na wewe, umesimama nyuma yake umeshika taulo la kumpa.

Usiku mvua ilinyesha, na asubuhi ilikuwa bado inanyesha. Makala yako yalikuwa nje, yamelowa. Darasa lako lilikuwa na mtihani, na wewe hukuwa mtu wa kwenda mbele ya watoto bila kuoga. Ukafungua robine, yakatoka maji ya baridi, ukaoga hayo hayo. Hukuamsha mtu, wageni walikuwa wamelala. Hukunigongea dirisha, na dirisha langu liko karibu kiasi kwamba tulikuwa tunapeana chumvi bila kutoka nje. Nilikuwa na makala makavu chini ya kitanda, Nabintu. Ulijua. Kabla ya adhuhuri walikurudisha kwa pikipiki, umekaa katikati ya dereva na mwalimu mwenzako, kichwa kimelala mgongoni kwa dereva.

Tulikupeleka hospitali, ukawekwa kitanda cha karibu na dirisha, na hukutoka humo hai. Daktari alikuwa mtu wa haki. Alituambia huenda homa ilikuwa imeshaanza ndani, kwamba kwa ugonjwa ule hakuna anayeweza kuonyesha kitu kimoja na kusema ni hiki. Nimeyaweka maneno yake, nayarudia ninapotaka kulala. Hayanisaidii sana.

Siku ya kukuogesha nilikwenda morgue, kwenye chumba cha maiti, nimebeba thermos mbili chini ya kikwembe. Jua lilikuwa limetoka baada ya mvua ile yote, kali, kama halijui limechelewa wapi. Tangi lilikuwa linachemka. Mzee wa morgue alinikuta namimina maji kwenye beseni, mvuke unapanda. Aliniambia bila ubaya, "Maman, huyu hasikie tena baridi. Tumia ya robine." Nikamwambia najua. Nikaendelea. Nilikupangusa mikono na magoti, yale magoti yaliyokuwa yanakuuma, kwa maji ya jua yako, ya moto sawasawa, mpaka thermos zikaisha. Hiyo ndiyo siku uliyooga vizuri kuliko zote, na hukuwepo.

Wakati wa matanga walilala uani kwako watu wengi. Nadhani unajua walioga wapi. Walisimama kwenye mstari, kila mtu na ndoo yake, na kwenye mstari ule nilisikia mwanamke akimwambia mwenzake, "Mungu amemupenda zaidi yetu." Mimi ni mtu wa sala, unanijua. Lakini pale nilisema kwa sauti kwamba si Mungu aliyefungua robine ile jioni. Waliniangalia kama mtu aliyeharibika kwa kilio. Wakanipa chai.

Baada ya matanga dada yake Deo, Maman Riziki, alibaki kulea nyumba. Sitamsema vibaya. Anaamka mapema, anampikia Ansima sombe bila pilipili, anamsuka. Lakini mlango wako kwake ni mlango wa ukoo mzima, na mashini ni ya yeyote anayeingia. Alisema watu wakikatazwa maji pale, watasema wema wa nyumba umezikwa pamoja nawe. Na Ansima akawa anaogeshwa alfajiri kwa yaliyobaki. Siku nyingine yalikuwa vuguvugu. Siku nyingine hayakuwa hata hivyo.

Nilikuwa naenda na sufuria yangu asubuhi na mapema. Wakati mwingine niliwahi. Asubuhi moja sikuwahi, na jioni ile mtoto alianza kulia kwa maumivu ya mikono, halafu miguu, halafu hakuwa na nguvu ya kulia. Tulimpeleka hospitali ile ile. Kitanda kilikuwa karibu na dirisha lile lile. Nilikaa pale namkanda miguu, na yeye ananiuliza kama mama yake alikuwa anaumwa hivi hivi. Nikasema ndiyo. Akauliza tena, "Na alikuwa analia?" Nikamwambia hapana, mama yako alikuwa halii. Akajaribu kunyamaza. Hapo nilijua nimekosea kumjibu hivyo, na nilijua pia siwezi tena kukaa kwenye jiwe la kufulia nachambua maharagwe.

Mtoto aliporudi nyumbani, Deo aliita kikao. Nilisema mbele ya wote kwamba maji yale yalikuja kwa ajili ya watu wawili, mmoja ameshakwenda, na robine ifungwe kila jioni mpaka Ansima aoge asubuhi. Nilisema kidogo tu. Maman Riziki alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, "Furaha, weye ni nani mu hii nyumba?"

"Mi ni jirani."

"Jirani anakaaka kwake."

Wengine walicheka kidogo. Deo alikuwa anaangalia mikono yake. Nilikwenda kwangu, na kesho yake nilikwenda Nyawera nikanunua kadenasi, kufuli nzito ya chuma, na nilipanda nayo kilima chote nimeishika mkononi ili kila mtu aione. Nilimwekea Deo mezani. Aliisukuma kando. Lakini siku ya tatu nilisikia nyundo, na yule fundi wako alikuwa ukutani anafunga kisanduku cha chuma juu ya robine.

Unafikiri tulimaliza hapo? Deo alishika ufunguo, na wiki haikuisha shangazi yake akaja na beseni, akafungua. Akaja rafiki yake wa kazi, akafungua. Halafu jioni moja alikuja kwangu. Hakuingia, alisimama mlangoni, akanyoosha mkono wenye ufunguo. "Mi nashindwa kukatala mutu," alisema. "Weye utaweza."

Nilitaka kumtupia. Kumbe watu wema wanaishi hivi. Wanatafuta mtu mmoja awe mubaya kwa niaba yao, halafu wanalala. Nawe ulinifanyia hivyo, ila wewe hata ufunguo hukunipa.

Niliuchukua. Niliufunga kwenye uzi nikauvaa shingoni.

Haikupita muda Maman Zawadi akaja. Binti yake alikuwa amejifungua tena. Lilikuwa giza la magaribi, alikuwa na beseni lile lile la bluu ulilokuwa unamjazia. Nilimwambia robine imefungwa mpaka kesho. Alifikiri natania. Akasema mzazi yuko anatetemeka. Nikamwambia asubiri, nikawasha babula yangu, nikabandika sufuria yangu, kwa makala yangu, na tukakaa pale tukiangalia maji yakichelewa kuchemka. Nilipomjazia beseni lake alilinyanyua kichwani, akageuka, akaniambia, "Nabintu angenipa ya mashini."

"Ndiyo," nikasema. "Na Nabintu iko wapi?"

Alikwenda zake, na maji yalikuwa yanamwagika kidogo kidogo begani kwake kwa sababu alikuwa anatembea haraka.

Kesho yake Kasha yote ilikuwa inajua. Sasa jina langu ni Maman Kadenasi. Watoto wananiita hivyo njiani na mimi naitika. Kwenye kwaya wameniacha kiti cha mwisho. Maman Riziki ananisalimia kwa kichwa tu, lakini nimeona kwamba siku hizi ndiye anayemfukuza mwenye taulo kabla hajafika kwenye robine; anamwambia aende akaombe kwa yule mwanamke mubaya. Ni msaada wa namna yake. Nimeupokea.

Siku za mvua mashini haifanyi kitu, hilo unalijua; siku hizo nampashia kwa makala, na makala yako ndani, chini ya kitanda, makavu. Siku nyingine zote nafungua kisanduku alfajiri, na maji ya jua la jana yanatoka ya moto, na Ansima anaingia. Nakaa nje ya mlango namsikiliza akiimba. Anaimba vibaya, kama wewe. Tangu kadenasi hajarudi hospitali. Sisemi hatarudi. Ugonjwa ule hauna adabu.

Jumamosi iliyopita ukungu ulipoondoka aliweka kiganja kwenye bomba. Nilisubiri aseme lile neno lenu. Badala yake aliniuliza, "Tantine, mama alikuwa na kadenasi?"

"Hapana."

"Juu ya nini hakununua?"

Nabintu, jibu ninalo. Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka. Ningemwambia kwamba mama yake aliona haya kusema neno moja dogo, na tukalilipia sisi wote. Lakini alikuwa anasubiri huku kiganja kiko bombani, na uso wake ulikuwa wako mtupu. Nikamwambia mama alisahau kununua. Akafikiri. Akasema, "Mimi sitasahau."

Sasa nakuaga, maana magaribi yanafika na lazima niende kufunga. Sijakusamehe. Labda nitakusamehe siku nikizeeka, nitakapokuwa siwezi tena kutembea mpaka kwenye ukuta wako. Ufunguo sitamrudishia Deo wala kumpa mtu yeyote mwema. Nitamvalisha Ansima shingoni mwenyewe, na kabla ya kumvalisha nitakuwa nimemfundisha kusema neno apana bila kuomba radhi, mpaka alizoee kama jina lake. Hiyo ndiyo ahadi yangu kwako, na najua usingeipenda.

Wewe endelea kusifiwa. Lala mahali pasipo na baridi. Mimi niache waniite watakavyo. Mtoto wako ameoga.

Furaha